Stima Ilipopotea Kabiria

Leo nimeleta kesi hewani kwa sababu nyumbani imenishinda.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Aprili, na mvua ilikuwa ile ya Kabiria, mtaani kwetu hapa Nairobi, ambayo ikianza saa kumi na moja jioni unajua kesho viatu utavibeba mkononi mpaka ufike kwenye lami. Sebuleni kwangu tulibanana watu saba: mimi na mke wangu, watoto wetu wawili, jirani yangu fundi wa mbao na mkewe, na kijana wa kinyozi aliyekuja kuchaji simu, akanogewa, akakaa. Tulikuwa tukitazama The Constant Gardener, filamu ya mwaka 2005, ile iliyopigwa Kibera. Watu wa Nairobi wengi wanaijua kwa jina. Walioitazama mpaka mwisho ni wachache. Nasi nusura tusifike. Zikiwa zimebaki dakika kama kumi na tano, stima ikapotea.

Fundi akawasha tochi ya simu, akanimulika usoni. "Mwalimu, wewe si umesoma kitabu? Tumalizie."

Nikawamalizia, tena kwa madaha. Kitabu nimekisoma mara mbili. Nakala yangu niliinunua mjini, kwenye maduka yetu ya kando ya njia tunayoyaita Inama, kwa kuwa usipoinama huchagui. Haina jalada la nyuma, na aliyekuwa nayo kabla yangu alipiga mstari kwa wino mwekundu kila palipotajwa Muthaiga, mtaa wa matajiri. Sababu yake sijaijua mpaka leo. Basi nikawaambia pale gizani: huyu bwana anakwenda ziwani alikouawa mkewe, wanakuja wanammaliza na yeye, na wakubwa waliohusika wanapandishwa vyeo. Kwisha.

Kukawa kimya, mvua tu juu ya mabati. Mke wa fundi akauliza, "Hivyo tu?"

"Hivyo tu, mama."

Stima ikarudi baada ya saa moja hivi. Tukawasha, na filamu ikaniumbua mbele ya wageni wangu. Ni kweli yule bwana aliuawa ziwani. Lakini mara tuko London, ndani ya kanisa, kwenye ibada ya kumkumbuka marehemu. Mkubwa wa Wizara ya Mambo ya Nje amekaa na suti yake, ametoa hotuba tamu. Halafu jamaa mmoja wa ukoo wa mke anasimama kwenye mimbari, anafungua karatasi, na badala ya Maandiko anasoma barua ya siri ya mkubwa yule yule, neno kwa neno, watu wakisikia. Mkubwa anainuka na kutoka, na waandishi wa habari wanamfuata nje.

Fundi akanigeukia. "Mwalimu, umetudanganya."

Hiyo ndiyo kesi.

Kwa asiyejua habari hizi, niseme kwa kifupi. Kitabu ni cha John le Carré, kilitoka mwaka 2001. Jina lake halisi lilikuwa David Cornwell, jasusi wa Uingereza aliyeacha ujasusi akaishi kwa kuuandika, akafariki Desemba 2020. Kisa chake: Tessa Quayle, mke kijana wa afisa wa ubalozi wa Uingereza hapa Nairobi, anakutwa ameuawa kando ya Ziwa Turkana. Daktari aliyesafiri naye, Arnold Bluhm, hajulikani aliko, na mji unaanza kunong'ona kwamba wawili hao walikuwa wapenzi. Mumewe, Justin, ni mtu mpole, wa kumwagilia maua na kutouliza maswali. Sasa anaanza kuuliza. Anagundua kwamba mkewe alikuwa akikusanya ushahidi kuhusu Dypraxa, dawa mpya ya kifua kikuu inayojaribiwa kwa maskini wa Kenya huku vifo vyao vikifichwa. Kampuni ya dawa ya ng'ambo, mfanyabiashara wa Nairobi anayeisambaza na wakubwa wa London, wote wamo.

Kitabu kinaanza Jumatatu asubuhi saa tatu na nusu, habari ya kifo inapofika ubalozini. Na hapo ubalozini le Carré anatuketisha kweli kweli. Kurasa nenda kurasa rudi tumo ndani ya kichwa cha Sandy Woodrow, mkubwa wa Justin kazini, mwanamume mwoga mwenye mke na heshima zake, ambaye alimtamani Tessa na kwa upumbavu akamwandikia barua. Mwenzake anaomboleza, yeye anawaza barua ile iko wapi. Msomaji asiye na subira atakiweka kitabu chini. Mwenye subira ataona jinsi mtu anavyouawa kwa makaratasi, maana hakuna anayetamka neno "ueni." Ripoti ya Tessa inapokewa kwa adabu, inatumwa London, na London inataka isahaulike. Kila mmoja kafanya sehemu yake ndogo ya kazi, akaenda kula chakula cha mchana.

Filamu haina muda wa kukaa ofisini namna hiyo. Mwelekezi wake, Fernando Meirelles, ni Mbrazili, yule aliyetengeneza City of God mwaka 2002 kuhusu mtaa wa mabanda wa Rio de Janeiro. Anaanza na kuagana: Justin anampeleka mkewe kupanda ndege, mwanga mkali nyuma yao, na wewe mtazamaji unajua huyu harudi. Kuanzia hapo ni hadithi ya mapenzi. Mume anamjua mkewe baada ya kumzika. Rachel Weisz aliyeigiza Tessa alipata Oscar ya mwigizaji msaidizi, na ukiitazama filamu huwezi kubisha: yule mwanamke anaishi. Le Carré, kwa ufundi wake wote, anatuletea Tessa kwa midomo ya wanaume waliompenda, na kila mwanaume ana Tessa wake.

Hapo fundi anashinda, na mimi nimekubali.

Anashinda tena kwa upande wa Kibera. Le Carré anajua Nairobi ya madirisha: ofisi, bustani za Muthaiga, meza za chakula cha jioni. Kibera anaitaja kama mtu aliyepita na gari. Meirelles amekulia katika nchi yenye mitaa kama hiyo. Kamera yake inashuka, inatembea kwenye reli pamoja na Tessa mwenye mimba kubwa, inapita kati ya watu, nguo zilizoanikwa na paa zenye kutu. London kaipaka kijivu, Kibera kaipa rangi zote. Kijana wa kinyozi, ambaye mamake anakaa upande wa Kibera, alikuwa akisimama kila mara kusogelea skrini, akitafuta kona anazozijua. Na chini ya picha unamsikia Ayub Ogada na nyatiti yake. Wimbo unaitwa Kothbiro, yaani mvua inakuja, na jioni ile Kabiria hatukuhitaji kutafsiriwa.

Filamu ina jambo lingine nililolielewa vizuri usiku ule. Mwanzoni Tessa anatoka hospitalini, mtoto wake amekufa. Wako garini. Anamwona kijana Kioko barabarani akitembea na kitoto kichanga cha dada yake aliyefia wodi ile ile, na safari yao ni ndefu. Tessa anataka wasimame wawabebe. Justin anakataa kwa upole wake: wenye shida ni mamilioni, na hii si kazi yetu. Tessa anamjibu kwamba hawa wanaweza kusaidiwa. Gari linaendelea. Muda mrefu baadaye Justin yuko kusini mwa Sudan, wavamizi wa farasi wanachoma kijiji, ndege ndogo ya misaada iko tayari kuruka, na amemshika mkono msichana mmoja. Rubani anasema sheria hairuhusu. Watoto kama huyu ni maelfu. Justin anasema maneno ya mkewe. Anatoa hata fedha. Msichana mwenyewe ndiye anayekata shauri: anaruka nje ya ndege na kukimbia.

Hapo ndipo mdogo wetu wa miaka minane aliuliza, "Baba, wamemwacha?" Sikumjibu, na stima ikapotea muda mfupi baadaye, kwa hiyo swali likabaki nasi gizani. Kwa picha mbili na sentensi moja, filamu imemgeuza mtu mzima mbele ya macho yako. Kwenye kitabu, kugeuka huko kunamchukua Justin safari ya kutoka Elba hadi Ujerumani hadi Kanada, na maelezo mengi ya dawa.

Basi kwa nini bado nasimama na kitabu?

Kwa sababu ya vilivyokatwa. Kitabuni kuna wapelelezi wawili vijana wa Scotland Yard, Rob na Lesley, wanaokuja Nairobi kuchunguza. Wanamhoji Woodrow, wanamhoji Justin, wanarudi tena na tena, na wanapoanza kuukaribia ukweli wanaondolewa kwenye kesi. Filamu imewafuta kabisa. Kwa mtazamaji wa Los Angeles si hasara. Lakini mtu wa hapa, mwenye umri wangu, akisikia "Scotland Yard wamekuja Nairobi" anakaa wima. Februari 1990 aliuawa Robert Ouko, waziri wetu wa mambo ya nje, na serikali ikamwita John Troon wa Scotland Yard. Alichunguza, akaandika ripoti, ikaundwa tume, tume ikavunjwa kabla haijamaliza kazi. Na kabla ya Ouko kulikuwa na Julie Ward, msichana wa Kiingereza wa miaka 28 aliyeuawa Maasai Mara Septemba 1988. Wenye mamlaka hapa walisema kwanza kwamba ameliwa na wanyama. Baba yake, John Ward, alikataa, akaja mwenyewe, akatafuta miaka na miaka, na kitabu chake cha mwaka 1991 kina jina linalosema kwamba wanyama hawana hatia. Mwili wa mwanamke wa Kiingereza nyikani, maofisa wenye maelezo ya haraka, mwanamume mmoja wa familia anayekataa kunyamaza: sisemi le Carré alinakili, nasema Nairobi tulikuwa tumeshausoma mkasa huu kwenye magazeti.

Ndiyo maana wengine hawakutaka usomwe. Mwaka 2001 rais alikuwa bado Moi, na kitabu hiki, ambacho hakiisemi serikali yake vizuri, hakikuwa rahisi kukiona madukani Nairobi. Mwaka 2004, chini ya Kibaki, wapiga filamu walikaribishwa na kamera zao mpaka Kibera na Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana, wakaacha nyuma mfuko wa kusaidia elimu sehemu hizo mbili. Waigizaji wetu walipata nafasi: John Sibi-Okumu yumo, Mumbi Kaigwa yumo. Mwaka ule ule balozi wa Uingereza hapa, Edward Clay, alisimama mbele ya wafanyabiashara na kusema vigogo wetu wamekula rushwa kwa pupa mpaka wanatutapikia viatu. Nairobi nzima ilizungumza viatu mwezi mzima. Kwa hiyo filamu ya kuuaibisha ubalozi ilipigwa hapa wakati ubalozi wenyewe ukituaibisha sisi. Mwandishi gani angebuni hilo akaaminika?

Na ile habari ya dawa, watu hudhani ni chumvi. Mwaka 1996, kule Kano, Nigeria, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer iliwajaribia watoto dawa iitwayo Trovan. Watoto walikuwa kama 200. Waliofariki walikuwa 11, wa dawa ile na wa ile iliyolinganishwa nayo. Kampuni ilikana kosa, na mwaka 2009 ikakubali kulipa dola milioni 75 kumaliza kesi na jimbo la Kano. Le Carré mwenyewe aliandika mwishoni mwa kitabu kwamba ukilinganisha na aliyoyakuta katika uchunguzi wake, hadithi yake ni ya upole mno. Sisi nasi tuna yetu. Mwaka 1990 Moi alitangaza Kemron, dawa ya UKIMWI iliyotoka KEMRI, taasisi yetu ya utafiti wa tiba, na wagonjwa wakaja Nairobi kutoka nchi za mbali. Baadaye majaribio yaliyofanywa na wengine hayakuona faida yake. Humo mna matumaini, fahari ya taifa, fedha na aibu. Riwaya ya Kemron iliyoandikwa na Mkenya, kwa Kiswahili, mimi bado naisubiri.

Turudi kanisani, maana kesi yetu iko kule.

Kwenye kitabu hakuna mimbari inayowaumbua. Sir Bernard Pellegrin, yule mkubwa wa London, anastaafu mapema na kuchukua kazi nono kwenye kampuni ile ile ya dawa. Woodrow anathibitishwa kuwa balozi hapa Nairobi. Serikali inatoa kauli zake laini. Kisha Justin anakwenda Turkana, peke yake, na kitabu kinafungwa. Le Carré alifanya kazi ndani ya serikali ile, alijua inavyojisafisha. Filamu ikaona mtazamaji aliyenunua tiketi hawezi kutumwa nyumbani hivyo, ikampa kanisa, barua na mkubwa anayekimbizwa na kamera.

Mtaani kwetu filamu kubadilishwa si jambo geni. DJ Afro akitia sauti yake juu ya filamu ya Kichina, mhusika anaweza kujikuta anadaiwa kodi ya nyumba, na hakuna anayelalamika. Ninacholalamikia mimi ni aina ya badiliko. Tazama tume zetu. Ripoti zinasomwa, majina yanatajwa, magazeti yanaandika kwa herufi kubwa, na aliyetajwa unamkuta uchaguzi unaofuata akiwa jukwaani. Kuumbuliwa hadharani si adhabu hapa. Filamu inaishia pale ambapo Mkenya anajua ndipo shughuli inapoanza.

Nilimweleza fundi hayo yote. Akasikiliza, akajibu: "Sawa mwalimu. Lakini mtu akikuibia na asishtakiwe, je, hutaki angalau jina lake lisomwe kanisani, mama yake akiwepo?" Mke wangu akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Sikuwa na jibu, na kusema kweli sina hadi leo.

Aliyetukata maneno wote wawili ni mke wa fundi, ambaye jioni yote alikuwa amesema machache. Nilipokuwa nikieleza kitabu gizani nilitaja kwamba Tessa hakufa peke yake. Dereva wao, Noah, alikutwa amekatwa kichwa. Nilitaja kama unavyotaja hali ya hewa. Sasa wamesimama mlangoni, wamejifunika gunia kwa ajili ya mvua, akanigeukia. "Na yule dereva? Watu wake waliambiwa?"

Nikarudi kitabuni usiku ule ule, kwa tochi. Noah anakufa karibu na mwanzo. Kurasa zinazofuata zinamlilia Tessa, zinamtafuta daktari Bluhm, zinaogopa barua ya Woodrow. Kwao Noah hatufiki. Hatujui kama alikuwa na mke, wala nani alipeleka mwili nyumbani. Filamu nayo haijaenda. Wanza, yule dada yake Kioko aliyefia wodini, anapewa uso mzuri na kamera, na anakufa bila kusema mengi. Kioko anatembea barabarani. Wote hao wapo ili wageni wawili wapendane vizuri na wafe vizuri. Fikiria Willy Gamba, mpelelezi wa riwaya za Elvis Musiba, angekabidhiwa kesi hii: mtu wa kwanza kuhojiwa angekuwa mke wa dereva, maana madereva ndio wanaojua nani alipanda gari la nani.

Kwa hiyo hukumu yangu, msikilizaji, ni hii. Kwa kuiona Nairobi, tazama filamu. Kwa kuwajua waliomuua Tessa na jinsi walivyolala usingizi baadaye, soma kitabu. Kwa habari za Noah, hakuna kati ya hivyo viwili kitakachokusaidia.

Nakala yangu ya Inama sasa iko kwa fundi. Aliniomba Jumatatu iliyofuata, akisema anataka kuhakikisha mwenyewe kama nilidanganya. Jana nilimkuta kwenye karakana yake, kitabu kikiwa juu ya randa, kimejaa vumbi la mbao. Amefika sura ya tatu, na analalamika kwamba Woodrow bado anatafuta barua yake.